Hewa Safi Kiwandani: Jinsi ya Kusoma Tarakimu Tatu

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Msomaji awe na kalamu na daftari. Palipoandikwa "Simama hapa", mwalimu asimamishe somo ili wanafunzi waandike jibu.

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja wenu ana karatasi ya somo la leo mbele yake.

Mnakumbuka kwamba tumejifunza kusoma nambari zenye nukta. Tulisoma 0.5, yaani nusu. Tukasoma 0.1, yaani fungu moja katika mafungu kumi. Tukafika 0.01, yaani fungu moja katika mafungu mia. Wengine wenu mliuliza: nambari ndogo kama hizi zina faida gani kwa mtu wa kazi? Sokoni hakuna anayeuza 0.01 ya kilo ya sukari.

Swali hilo ni zuri, na somo la leo ndilo jibu lake. Leo tutasoma juu ya hewa itumikayo viwandani, na jinsi usafi wake unavyopimwa. Mtaona kwamba nambari ndogo namna hiyo huweza kuamua kama maziwa yatauzwa au yatamwagwa, na mwishoni mtaona kwamba nambari nyingine kama hizo hulinda pumzi ya mtu.

1. HEWA NI MFANYAKAZI

Kila mtu amekwisha kumwona fundi wa matairi kando ya barabara. Ana mashine yenye tangi, nayo huunguruma, kisha hutoa upepo wa kujaza tairi. Mashine hiyo huitwa kompresa. Kazi yake ni kuvuta hewa ya kawaida, kuibana, na kuiweka tayari kwa kazi.

Viwandani ziko kompresa kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Hewa iliyobanwa hupita katika mabomba na kufika kila pembe ya kiwanda, kama maji ya bomba yanavyofika nyumbani. Hewa hiyo husukuma mikono ya mashine zinazofunga pakiti. Huvimbisha plastiki ya moto ndani ya kalibu ili iwe chupa. Husafirisha unga ndani ya mabomba. Hukausha chupa zilizooshwa. Katika viwanda vya nguo, ziko mashine za kufuma ambazo hurusha uzi kwa nguvu ya hewa. Katika karakana za magari, hewa ndiyo inayopuliza rangi.

Sasa tazama jambo hili. Mfanyakazi anayeshika chakula huambiwa anawe mikono. Hewa nayo hugusa maziwa, hugusa vidonge vya dawa, hugusa ndani ya chupa kabla ya kinywaji kutiwa. Ikiwa hewa ni mfanyakazi, basi hewa nayo haina budi kunawa.

2. UCHAFU WA AINA TATU

Hewa tunayovuta si tupu. Ndani yake mna vitu vingi, lakini kwa kazi za kiwandani tunaangalia hasa vitatu.

Cha kwanza ni vumbi. Sisemi vumbi lile tunalolifagia tu. Liko vumbi dogo lisiloonekana kwa macho. Ukiigawa milimita moja mara elfu moja, kila fungu huitwa maikromita. Unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 hivi. Vumbi tunalolizungumzia huwa na maikromita 5, au 1, au hata chini ya hapo.

Cha pili ni maji. Hewa ya pwani, kama ya Dar es Salaam au Mombasa, ina mvuke mwingi wa maji. Siku yenye joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa huweza kuwa na gramu 23 hivi za maji. (Mita moja ya ujazo ni sanduku lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1, na kimo cha mita 1.)

Cha tatu ni mafuta. Mafuta hutoka ndani ya mashine, lakini pia humo katika hewa ya nje. Moshi wa magari, mivuke ya petroli, na mivuke ya rangi na vimumunyisho, yote huelea hewani.

Kompresa nyingi za viwandani huchukua mita 8 za ujazo za hewa ya kawaida na kuzibana ziwe mita 1. Je, vumbi nalo hubanwa likapotea? La. Vumbi lote la mita 8 sasa limo katika mita 1. Maji na mafuta kadhalika. Kubana hewa ni kubana pia uchafu wake.

Tupige hesabu ya maji. Tuseme kompresa yetu huvuta mita 10 za ujazo kila dakika. Kwa saa moja itavuta mita 600. Kila mita ina gramu 23 za maji. Zidisha 600 kwa 23. Utapata gramu 13,800, yaani karibu kilo 14 za maji kwa saa moja. Hewa iliyobanwa ikisha kupoa, sehemu kubwa ya maji hayo hugeuka matone, kama lita 11 kwa saa. Ni zaidi ya nusu debe, na yote yalikuwa yakielea hewani bila mtu kuyaona.

Simama hapa. Andika daftarini: je, kompresa hiyo ikifanya kazi saa 8, itatoa lita ngapi za maji?

3. MASHINE YENYE MAFUTA NA MASHINE ISIYO NA MAFUTA

Kompresa za kawaida hutiwa mafuta mahali pale pale hewa inapobanwa. Mafuta hayo yana kazi tatu: hulainisha vyuma visisagane, hupoza joto, na huziba mianya ili hewa isirudi nyuma. Ni kazi nzuri. Lakini hewa inapotoka, huondoka na mafuta kidogo. Mengi huchujwa na kurudishwa, na machache huendelea na safari.

Kwa sababu hiyo mafundi walitengeneza kompresa zisizo na mafuta mahali pa kubania hewa. Ziko za namna mbalimbali.

Namna moja hutumia vyuma viwili virefu vilivyosokotwa kama parafujo. Vyuma hivi huzunguka pamoja, kimoja kikiingia katika mifereji ya mwenzake, lakini havigusani kamwe. Gia zilizo nje ya chumba cha hewa ndizo zinazovishika visigongane. Gia hizo zina mafuta, ila baina yake na chumba cha hewa kuna vizuizi. Mashine za parafujo zilistawishwa huko Sweden katika miaka ya 1930 na mhandisi aliyeitwa Alf Lysholm.

Namna ya pili hutumia pistoni, kama injini ya gari, lakini pete za pistoni hutengenezwa kwa kitu kinachoteleza chenyewe bila mafuta. Kitu hicho ni kile kile kinachopakwa katika vikaango ambavyo chakula hakigandi. Kiligunduliwa Marekani mwaka 1938 na mwanakemia Roy Plunkett.

Namna ya tatu hutumia maji badala ya mafuta. Maji hupoza na kuziba mianya, kisha huondolewa.

Mashine za jinsi hii aghalabu huwa na bei kubwa kuliko za mafuta. Mwenye kiwanda huzinunua kwa kuwa anaogopa hasara. Tone la mafuta katika rangi ya gari huacha vishimo vidogo kama macho ya samaki, na kazi yote hupigwa msasa upya. Tone la mafuta katika maziwa au dawa ni baya zaidi, kwa kuwa anayelipa ni mlaji, naye hakuwapo wakati kosa lilipofanyika.

4. NENO LA KUSHIKA

Sasa nataka mpige mstari chini ya sentensi hii:

Mashine isiyo na mafuta si sawa na hewa isiyo na mafuta.

Kwa nini? Kwa sababu mashine haitengenezi hewa. Mashine huvuta hewa iliyopo. Ukiiweka karibu na mahali malori yanapoegeshwa na injini zikinguruma, itavuta moshi wa malori. Ukiiweka karibu na chumba cha kupaka rangi, itavuta mivuke ya rangi. Yenyewe haikuongeza hata tone moja, lakini hewa inayotoka ina mafuta.

Tena, hewa hupita katika mabomba. Ikiwa mabomba hayo yalitumika miaka kumi na kompresa ya mafuta, kuta zake za ndani zimekwisha kulowa. Mashine mpya haiwezi kuosha bomba la zamani. Mwenye kiwanda atalipa fedha nyingi, atafurahi siku ya kufungua mashine, na mafuta yataendelea kutoka kule kule yalikokuwa yakitoka.

Kwa hiyo haitoshi kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa mashine. Inatupasa kupima hewa yenyewe. Na ili watu wapime kwa namna moja, iwe ni Mwanza au Nairobi au Ujerumani, wanahitaji kiwango kimoja.

5. KIWANGO CHA ISO 8573

Liko shirika la kimataifa linaloshughulika na viwango. Huitwa ISO. Lilianza kazi mwaka 1947, na ofisi yake kuu iko Geneva, Uswisi. Nchi nyingi zimo ndani yake kwa njia ya mashirika yao ya viwango. Kenya imo kwa njia ya Shirika la Viwango la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1974, na Tanzania kwa njia ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975.

Kiwango cha ISO juu ya usafi wa hewa iliyobanwa kina nambari 8573, nacho kina sehemu tisa. Sehemu ya 1 hutaja madaraja ya usafi. Sehemu nyingine hueleza jinsi ya kupima vitu mbalimbali, kama matone ya mafuta, mvuke wa mafuta, maji, vumbi, na vijidudu. Sehemu ya 1 ilitolewa kwanza mwaka 1991, ikasahihishwa mwaka 2001, na tena mwaka 2010.

Katika karatasi za kompresa utaona maandishi kama haya:

ISO 8573-1:2010 [1:4:1]

Msiogope. Tuyasome polepole. ISO ni jina la shirika. 8573 ni nambari ya kiwango. 1 baada ya kistari ni sehemu ya kwanza. 2010 ni mwaka wa toleo. Halafu zinakuja tarakimu tatu ndani ya mabano. Hizo ndizo kiini cha somo letu.

Tarakimu ya kwanza ni daraja la vumbi.
Tarakimu ya pili ni daraja la maji.
Tarakimu ya tatu ni daraja la mafuta.

Kumbuka mpango wake: vumbi, maji, mafuta. Sema mara tatu: vumbi, maji, mafuta. Na kumbuka kwamba tarakimu ikiwa ndogo, hewa ni safi zaidi. Ni kama mbio: wa kwanza ndiye aliye mbele.

Sasa tusome [1:4:1]. Vumbi, daraja la 1. Maji, daraja la 4. Mafuta, daraja la 1. Mmekwisha kuisoma.

Je, kila daraja lina maana gani? Tuanze na vumbi. Daraja la 1 huruhusu chembe 10 tu zenye ukubwa wa kati ya maikromita 1 na 5 katika mita moja ya ujazo. Daraja la 2 huruhusu chembe 100 za ukubwa huo. Chembe zilizo ndogo zaidi huruhusiwa kwa wingi zaidi, kwa kuwa ni vigumu kuzizuia zote.

Maji hupimwa kwa namna nyingine. Tunauliza: hewa hii, ikiwa bado imebanwa, ipoe kiasi gani ndipo ianze kutoa umande? Joto hilo huitwa joto la umande.

Daraja la 1: nyuzi 70 chini ya sifuri.
Daraja la 2: nyuzi 40 chini ya sifuri.
Daraja la 3: nyuzi 20 chini ya sifuri.
Daraja la 4: nyuzi 3 juu ya sifuri.
Daraja la 5: nyuzi 7 juu ya sifuri.
Daraja la 6: nyuzi 10 juu ya sifuri.

Hapa kuna funzo. Hewa ya daraja la 4 hupatikana kwa mashine ya kukausha inayofanya kazi kama friji. Inatosha kwa kazi nyingi, kwa kuwa ndani ya kiwanda chenye joto la nyuzi 28 umande hautatokea. Lakini fikiri juu ya ghala la kugandishia samaki, lenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Bomba la hewa likipita humo, maji yataganda ndani yake na kuziba njia. Mahali hapo panahitaji angalau daraja la 3, na wengi huchagua la 2. Basi hakuna daraja lililo zuri kwa kila mtu. Liko daraja linalofaa kazi yako.

6. KIJIKO CHA CHAI NA NUSU KILO

Sasa tufike kwenye mafuta. Hapa ndipo nambari zetu zenye nukta zinapofanya kazi. Mafuta hupimwa kwa miligramu katika mita moja ya ujazo ya hewa, baada ya hewa hiyo kuhesabiwa kana kwamba imerudi katika hali yake ya kawaida. Miligramu 1 ni fungu moja la gramu iliyogawanywa mara 1,000. Huhesabiwa mafuta yote pamoja: ya maji maji, ya matone madogo yanayoelea, na ya mvuke.

Daraja la 1: yasizidi miligramu 0.01.
Daraja la 2: yasizidi miligramu 0.1.
Daraja la 3: yasizidi miligramu 1.
Daraja la 4: yasizidi miligramu 5.

Pengine utasema: zote hizi ni ndogo, zina tofauti gani? Turudi kwenye kompresa yetu inayovuta mita 10 kila dakika. Tuseme inafanya kazi usiku na mchana kwa juma moja. Itapitisha mita za ujazo 100,800. Sasa zidisha, ukichukua kikomo cha kila daraja.

Kwa daraja la 1, mafuta ya juma zima ni gramu 1 hivi. Hayajazi hata robo ya kijiko cha chai.
Kwa daraja la 2, ni gramu 10.
Kwa daraja la 3, ni gramu 100.
Kwa daraja la 4, ni gramu 504, yaani nusu kilo na zaidi kidogo.

Haba na haba hujaza kibaba. Mtu asiyejua kusoma nukta huona 0.01 na 5 kama nambari mbili tu katika karatasi. Anayejua huona robo ya kijiko upande mmoja, na chupa ya nusu kilo ya mafuta upande wa pili, zikimwagwa polepole juu ya chakula kila juma.

Na hewa ya nje je? Wataalamu wa machujio husema kwamba hewa ya sehemu zenye viwanda na magari mengi huweza kuwa na mvuke wa mafuta wa miligramu 0.05 hadi 0.5 katika mita ya ujazo. Linganisha 0.05 na 0.01. Kumbe hewa ya nje, kabla haijaingia katika mashine yoyote, huweza kuzidi kikomo cha daraja la 1 mara tano! Hiyo ndiyo sababu ya sentensi mliyoipigia mstari.

Simama hapa. Andika daftarini nambari hizi kuanzia ndogo hadi kubwa: 0.1, 0.01, 5, 0.05, 1, 0.5.

7. DARAJA SIFURI SI SIFURI

Katika matangazo ya biashara mtaona maneno "Daraja 0". Mtu akisikia sifuri hufikiri kwamba hakuna mafuta kabisa. Sivyo. Daraja hilo liliingizwa katika kiwango mwaka 2001. Maana yake ni usafi ulio mkali kuliko daraja la 1, kwa kiasi kilichotajwa na mtumiaji au muuzaji. Kiasi hicho lazima kiwe nambari, na lazima kiwe kinaweza kupimwa kwa njia zilizomo katika kiwango.

Kwa hiyo, muuzaji akisema "mashine yangu ni daraja 0", muulize: sifuri ipi? Je, ni chini ya 0.005? Je, ni chini ya 0.003? Tafadhali iandike katika mkataba. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Daraja 0 lisilo na nambari ni ahadi isiyo na tarehe.

Muulize pia ilipimwa wapi. Cheti cha mashine mara nyingi hueleza majaribio yaliyofanywa katika chumba cha majaribio chenye hewa safi. Kiwanda chako kipo kando ya barabara kuu. Cheti kinasema kweli juu ya mashine, lakini hakisemi neno juu ya hewa yako.

8. PIMA PALE HEWA INAPOTUMIKA

Mahali pazuri pa kupimia ni pale hewa inapotoka kufanya kazi: kwenye mdomo wa bomba linalopuliza chupa, siyo kwenye mlango wa kompresa tu. Baina ya sehemu hizo mbili kuna mabomba, matangi, na machujio, na kila kimoja chaweza kuharibu au kutengeneza.

Chujio la matone hushika matone ya mafuta, lakini mvuke hupita. Mvuke hushikwa na chujio lenye mkaa maalumu. Mkaa huo hujaa. Na ukisha kujaa hautoi ishara. Saa ya kupimia nguvu ya hewa haibadiliki, wala hakuna sauti. Joto na unyevu huufanya ujae upesi. Basi tarehe ya kubadilisha chujio iandikwe ubaoni, na fundi asiipitishe kwa kuona kwamba "bado linapitisha hewa vizuri".

Mafundi wengine hushika kitambaa cheupe mbele ya bomba na kutazama kama kina doa. Kitambaa chaweza kuonyesha uchafu mkubwa. Hakiwezi kuonyesha 0.01. Kwa kipimo hicho hewa hupitishwa katika machujio maalumu na katika vijibomba vya mkaa, navyo hupelekwa maabara.

9. HEWA YA KUVUTA NI JAMBO JINGINE

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ni uhai. Wako wafanyakazi wanaovaa barakoa yenye mpira wa hewa kutoka kompresa. Ni wale wanaopiga vyuma kwa mchanga, au kupuliza rangi zenye sumu, au kuingia ndani ya matangi. Mfanyakazi huyo hana hewa nyingine.

Je, [1:4:1] inamtosha? Haimtoshi. Tarakimu tatu husema juu ya vumbi, maji na mafuta. Hazisemi lolote juu ya gesi ya kaboni monoksidi. Mnaijua gesi hiyo hata kama hamjui jina lake. Ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu. Hutoka pia katika moshi wa injini.

Chukua kompresa bora kabisa isiyo na mafuta. Egesha lori lenye injini inayowaka karibu na mdomo wake wa kuvutia. Chujio la vumbi halitazuia gesi ile, wala mkaa wa kawaida hautaizuia. Mtu aliye ndani ya barakoa atavuta sumu katika hewa ambayo karatasi yake inasema ni safi.

Kwa hiyo hewa ya kuvuta ina viwango vyake. Sheria za Marekani za usalama kazini zinataka kaboni monoksidi isizidi sehemu 10 katika sehemu milioni 1 za hewa, na zinataja kwa wazi kwamba kikomo hicho kinahusu pia kompresa zisizotiwa mafuta. Zinataka pia oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 12021, katika toleo la mwaka 2014, ni kikali zaidi: sehemu 5 tu katika milioni.

Ukipewa barakoa ya namna hiyo kazini, una haki ya kuuliza: hewa hii imepimwa gesi lini, na kompresa inavuta hewa kutoka wapi? Kuuliza si ujinga, na si ukaidi.

10. MASWALI MATANO YA KWENDA NAYO KAZINI

Yaandike katika daftari lako.

Moja. Kazi yetu inahitaji madaraja gani ya vumbi, maji na mafuta?
Mbili. Ikiwa tumeahidiwa daraja 0, nambari yake ni ngapi, na imeandikwa wapi?
Tatu. Kompresa inavuta hewa kutoka wapi, na kuna nini karibu na mdomo wake?
Nne. Hewa ilipimwa lini mara ya mwisho, na ilipimwa mahali gani?
Tano. Je, yuko mtu anayevuta hewa hii? Kama yuko, gesi zimepimwa?

Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu anayejua kusoma tarakimu tatu, anayejua kwamba 0.1 ni kubwa kuliko 0.01 mara kumi, na asiyeona haya kuomba karatasi aisome mwenyewe. Mkuu wa kiwanda aweza kuwa mbali. Muuzaji amekwisha kwenda zake. Aliye karibu na bomba ni wewe.

MANENO YA SOMO HILI

Kompresa: mashine ya kubana hewa.
Maikromita: fungu moja la milimita iliyogawanywa mara 1,000.
Miligramu: fungu moja la gramu iliyogawanywa mara 1,000.
Joto la umande: joto ambalo hewa ikifika huanza kutoa matone ya maji.
Daraja: cheo cha usafi, tarakimu ndogo ni usafi mkubwa.
Kaboni monoksidi: gesi yenye sumu itokayo katika moshi wa mkaa na wa injini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Soma kwa sauti: [2:4:2]. Kila tarakimu inahusu nini?
2. Hewa ya [1:2:1] na hewa ya [1:4:1] zinatofautiana katika jambo gani? Ipi ni kavu zaidi?
3. Kiwanda kimenunua kompresa isiyo na mafuta, lakini rangi bado ina vishimo. Taja sababu mbili ziwezazo kuwa chanzo.
4. Kwa nini chujio la mkaa libadilishwe kwa tarehe, wala si kwa kungoja lionyeshe dalili?
5. Mwenzako anavaa barakoa ya hewa, na lori limeegeshwa karibu na kompresa. Utafanya nini kwanza?

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Katika somo lijalo tutasoma namna ya kujaza jedwali la vipimo vya kila siku, kwa hiyo njooni na rula. Jibuni maswali pamoja, na aliyeelewa amsaidie mwenzake. Kwaherini.